Mnara wa 1327, kofia ya 1714: je, ngome ya Kaub ni ya kweli?

Swali: "Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mtoto wa Lamu, baba yangu alikuwa mwashi, na sasa nina miaka kumi na moja hapa Mainz. Mwezi ujao napokea wageni kutoka nyumbani, na nimeahidi kuwapeleka kuona ile ngome ndogo iliyo katikati ya mto Rhine mbele ya mji wa Kaub, inayoitwa Pfalzgrafenstein. Nilitangulia kwenda mwenyewe ili nijifunze, nikarudi na mkanganyiko. Nimesoma kwamba ilijengwa 1327. Lakini kofia ya mnara ni ya mtindo wa makanisa ya miaka ya 1700, kuta ni nyeupe pe zenye mapambo mekundu kama nyumba mpya, na Mjerumani mmoja ninayefanya naye kazi ameniambia kuwa ngome ya kweli huwa na mawe wazi, hii imepambwa kwa ajili ya watalii. Mama mmoja kwenye kivuko akanihadithia juu ya binti wa mtawala aliyefungwa humo kabla ya mwaka 1200. Sasa niwaambie wageni nini? Ni ngome ya kale au ni mfano tu? Tena niliokota kibonge cha chokaa chini ya ukuta, nimekiweka mezani. Je, naweza kukipeleka mahali kikapimwe umri? Na kwa Kiswahili niiite ngome au kasri?"

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana ndani yake kuna hofu ninayoielewa: hutaki kusimama mbele ya watu waliotoka mbali ukawaonyesha kitu ambacho sicho. Basi nianze na jibu lenyewe. Ngome hiyo ni ya kweli. Mnara ulio katikati ni ule ule uliojengwa 1326 na 1327, na ukuta unaouzunguka ni wa kati ya 1338 na 1340. Haikuwahi kubomolewa ikajengwa tena. Lakini kutobomolewa ni jambo moja na kutobadilika ni jambo jingine, na hapo ndipo mwenzako alipoteleza. Ile kofia, ile rangi, na ile sehemu nene iliyojitokeza upande wa kusini ni miaka ya ngome yenyewe, imewekwa mmoja juu ya mwingine.

Kwanza tummalize huyo binti. Kisa kina mzizi wa kweli. Agnes alikuwa binti wa Konrad, aliyekuwa Pfalzgraf, yaani mtawala wa jimbo la Pfalz chini ya mfalme. Mnamo mwaka 1194 aliolewa kwa siri na Heinrich wa Braunschweig, na ndoa hiyo inahusishwa na ngome ya Stahleck, iliyo juu ya mji wa Bacharach, kilomita chache tu kutoka Kaub ukipanda mto. Vizazi vya baadaye viliuona mnara mzuri umesimama majini, vikaihamishia hadithi hapo. Mwaka 1194 mnara huo haukuwapo. Ilibaki miaka zaidi ya 130 kabla ya jiwe lake la kwanza. Ukitaka, wahadithie wageni kama ngano, na uwaonyeshe Stahleck mkiwa njiani, kwani kutoka Mainz mtapita chini yake mkifuata ukingo wa kushoto.

Sasa tuje kwa aliyeijenga, kwa sababu ukishajua alitaka nini, umbo zima linaeleweka. Alikuwa Mfalme Ludwig wa Bavaria, wa ukoo wa Wittelsbach. Ukoo huo ulikuwa umeinunua Kaub tangu 1277, pamoja na ngome ya mlimani ambayo leo inaitwa Gutenfels, na pamoja na kile kilichowavutia zaidi: haki ya kutoza ushuru mtoni. Zama hizo Rhine ndiyo ilikuwa barabara kuu. Mvinyo, nafaka, chumvi, mbao na vitambaa vilipita majini, na kila mtawala aliyekuwa na kipande cha ukingo alitamani kipande chake kimlipe. Kaub palikuwa mahali pa kipekee kwa kazi hiyo. Juu kidogo ya mji, upande wa kushoto wa mto, miamba iliyafanya maji kuwa ya hatari kwa vyombo, kwa hiyo manahodha walilazimika kupita upande wa kulia, kwenye mkondo mwembamba kati ya kisiwa na mji. Chombo kikiteremka, mkono wa kushoto kinakuta mnara, mkono wa kulia kinakuta mji wenye ukuta, na juu mlimani ngome nyingine inakitazama. Wewe uliyekulia kwenye mlango wa bahari wa Lamu huhitaji kuelezwa thamani ya kuushika mkondo mmoja ambao kila chombo lazima kiupite.

Ludwig alikuwa na ugomvi mkubwa na Papa Yohane XXII, aliyekaa Avignon, na Papa huyo alikuwa ameshamtenga na Kanisa mwaka 1324. Mnara ulipoinuka mtoni, Papa alilalamika akataka maaskofu wakuu wa Mainz, Köln na Trier wahakikishe unaangushwa. Haukuangushwa. Kwetu sisi tunaosoma majengo, malalamiko ya adui ni hazina kubwa, kwa sababu adui hana haja ya kumpamba mjenzi. Kinacholalamikiwa ni mnara, na ndivyo mambo yalivyokuwa: mwanzoni palikuwa na mnara peke yake juu ya mwamba, bila ukuta, bila ua, bila zile paa ndogo ndogo zinazoipendeza kamera yako. Jaribu kuuona hivyo ukiwa ukingoni. Vua kila kitu kwa macho mpaka ubaki mnara mmoja wa pembe tano, maji yanaulamba miguuni, na askari wachache juu wanaosubiri chombo kinachofuata.

Mnara wa namna hiyo unatisha lakini ni dhaifu. Watu wake hawana pa kutembea, hawana pa kuweka akiba, na mashua yoyote inaweza kukaribia mpaka kwenye mawe. Ndiyo maana muongo uliofuata ukaongezwa ukuta wa pembe sita, wenye urefu wa mita 12 hivi kwenda juu, ukaufunga mnara ndani yake kama kokwa ndani ya tunda. Katikati ya kazi hizo mbili, mwaka 1329, ukoo wa Wittelsbach uligawana mali kwa mkataba wa Pavia, na Pfalz ikaenda kwa tawi la wapwa wa Ludwig, watoto wa kaka yake. Tangu hapo ngome ilikuwa ya tawi hilo, na ndiyo sababu ya jina lake: Pfalzgrafenstein ni mwamba wa Pfalzgraf. Watu wa Kaub huiita kwa kifupi "die Pfalz."

Simama sasa utazame umbo, maana hapa mtoto wa Lamu ana faida kuliko watalii wengi. Upande wa kusini, kule maji yanakotoka, ukuta unamalizika kwa ncha kama omo ya jahazi. Upande wa kaskazini umekaa kama tezi. Na ule mnara wa ndani nao umeelekeza pembe yake kali huko huko kusini. Rhine ya zamani, wakati wa baridi kali, iliteremsha mabamba ya barafu, na wakati wa mafuriko ilileta magogo na miti mizima. Bamba la barafu likigonga ukuta bapa, husimama hapo, la pili likaja nyuma yake, la tatu likapanda juu, na uzito wote ukausukuma ukuta. Likigonga ncha, hupasuka au hugeuka ubavu likapita. Wajenzi wa madaraja ya mawe walizichonga nguzo zao kwa mtindo huo huo na kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini nisikupe nusu ya maelezo. Minara ya pembe tano ipo pia kwenye ngome za milimani huko Ujerumani, mahali pasipo tone la mto, na huko ncha huelekezwa upande ambao adui angetokea, ili mawe yaliyorushwa yateleze badala ya kugonga uso kwa uso. Kwa hiyo ukimsikia mwongozaji anasema pembe ya mnara ni ya barafu tu, jua amerahisisha. Kwa ukuta wa nje, maji ni sababu inayonitosha. Kwa mnara, ninavyoona mimi, wajenzi walichukua umbo walilolizoea kwa vita wakakuta linafaa na mtoni.

Sehemu nene iliyojitokeza kwenye ncha ya kusini ni mtoto wa mwaka 1607. Hiyo ni buruji ya mizinga. Kufikia wakati huo baruti ilikuwa imebadilisha kila kitu: ukuta mrefu na mwembamba uliofaa dhidi ya ngazi na mishale ulikuwa shabaha rahisi, na mzinga wenyewe ulihitaji jukwaa pana, imara, lililojitokeza mbele ili uweze kupiga kwa pembe nyingi. Mtawala wa Pfalz wakati huo, Friedrich IV, alikuwa ameanza mwaka uliotangulia kuijenga Mannheim kuwa mji wa ngome za kisasa. Kaub ilipata kipande kidogo cha fikra hiyo hiyo. Wageni wako watakielewa kwa haraka ukiwaambia kwamba Ngome Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa 1593, ilijengwa miaka ile ile ya mizinga, na zile buruji zake zilizochomoza kwenye kona zina kazi hiyo hiyo. Mombasa ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mizinga. Kaub ilikuwa mzee wa miaka 280 aliyeshonewa mkono mpya.

Halafu kofia. Ile kuba nyeusi ya mnara, iliyobonyea na kuvimba kwa mtindo wa baroko na kuezekwa vigae vya mawe, iliwekwa 1714, wakati wa Johann Wilhelm, mtawala wa Pfalz. Ni mwaka ule ule ambao mkataba wa Rastatt ulimaliza vita virefu vilivyokuwa vimeuchosha ukanda huo wa Rhine. Jicho lako lilikuwa sahihi kabisa: ni mtindo wa makanisa ya miaka ya 1700 kwa sababu ni wa miaka hiyo. Hukudanganywa, ulisoma vizuri.

Utauliza kwa nini hii ilipona wakati jirani zake wengi waliangamia. Mwaka 1689 majeshi ya Mfalme wa Ufaransa yalizilipua au kuzichoma ngome nyingi za bonde hilo. Stahleck iliangushwa, Schönburg iliyo juu ya Oberwesel ikateketezwa. Miongoni mwa ngome za vilele vya Rhine ya Kati, ni Marksburg pekee, huko Braubach, iliyosalimika. Pfalzgrafenstein ilikaliwa na majeshi tofauti katika vita tofauti, lakini haikubomolewa. Mimi naona sababu kubwa ni pesa. Anayeliteka sanduku la ushuru halivunji, anakaa juu yake. Na ushuru huo ulidumu muda mrefu mno: kutoka kwa watawala wa Pfalz ngome ikaenda kwa dola ndogo ya Nassau mwaka 1803, dola kubwa ya Prussia ikaichukua Nassau 1866, na hapo ndipo utozaji ulipokoma. Hata baada ya hapo haikuachwa bure, kwani ilitumika kutoa ishara kwa vyombo vya mtoni hadi miaka ya 1960. Jengo linalofanya kazi huzibwa paa linapovuja. Hilo peke yake, paa kuzibwa kila mara, limeokoa majengo mengi kuliko unene wa kuta.

Kuna na ule usiku wa kuamkia mwaka 1814, ambapo Jenerali Blücher wa Prussia alivusha jeshi la takriban askari 50,000 hapo hapo kwa daraja la maboya, kisiwa kikiwa kama kituo cha katikati, akimfuatia Napoleon. Wageni wanaopenda vita watalifurahia. Kwa historia ya jengo hauna uzito mkubwa, kwa hiyo nauacha.

Ninachotaka kukaa nacho zaidi ni chokaa, kwa sababu ndilo jambo lililokutia shaka, na ndilo unalolijua kuliko mwenzako.

Kuta za Pfalzgrafenstein, kama za ngome nyingi ndogo za bonde lile, zimejengwa kwa mawe ya vipande, yasiyochongwa, yaliyopangwa ndani ya mchanganyiko wa chokaa na mchanga. Mawe ya namna hiyo hayakukusudiwa kuonekana. Viungo vyake ni vipana na havina mpangilio, na kila kiungo ni mlango wa maji. Kwa hiyo fundi alimaliza kazi kwa kuufunika ukuta wote kwa lipu ya chokaa, kisha akaupaka chokaa nyembamba juu. Lipu ilikuwa sehemu ya ukuta, kama ngozi ilivyo sehemu ya mwili. Ukuta mweupe ulionekana kutoka mbali, nao ulisema kwamba mwenye mali yupo na anaitunza. Baba yako asingeshangaa. Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka kwa matumbawe hayo hayo, na hakuna mwashi wa Lamu ambaye angekabidhi nyumba kwa mwenyewe ikiwa na mawe wazi akasema kazi imekwisha.

Tazama jinsi chokaa inavyofanya kazi. Jiwe la chokaa au tumbawe likichomwa kwa moto mkali, kiasi cha nyuzi 900, hutoa hewa ya kaboni iliyokuwa ndani yake. Kinachobaki hulowekwa maji, huchanganywa na mchanga, hupakwa. Kisha, polepole, kwa miezi na miaka, hunywa tena hewa ya kaboni kutoka angani na kugeuka jiwe upya. Lakini ni jiwe laini, lenye vitundu vidogo. Unyevu ulioingia ukutani unaweza kutoka kupitia hapo. Na ukuta ukisogea kidogo, chokaa hujikunja nao bila kupasuka vibaya. Lipu hiyo hula mvua, jua na barafu kwa niaba ya mawe, na inapochoka, hubanduliwa na kupakwa nyingine. Imewekwa ili ife badala ya ukuta.

Sasa toa paa. Ngome ikichomwa 1689 na kuachwa wazi, maji yanaingia kwa juu, yanashuka ndani ya ukuta, yanafika nyuma ya lipu. Yakiganda, yanaongezeka kwa karibu asilimia 9 ya ujazo wake na kuisukuma lipu kwa ndani. Baada ya baridi kadhaa inaanguka vipande vipande, na mawe yanabaki uchi. Kwetu pwani hakuna barafu, lakini chumvi hufanya dhambi ile ile: maji ya chumvi yanapanda ukutani, yanakauka, chumvi inakuwa fuwele na kuisukuma lipu mpaka inavimba na kudondoka. Umeiona mara elfu.

Basi mawe wazi ambayo mwenzako anayaita dalili ya ukweli, mara nyingi ni dalili ya kuachwa. Karne ya 19 ilizipenda hizo gofu. Wachoraji walizichora, matajiri na wana wa wafalme walizinunua, na walipozijenga tena walifuata ladha hiyo ya wakati wao. Rheinstein, ambayo watu wengi huiona ndiyo ngome hasa ya Zama za Kati, ilijengwa upya kati ya 1825 na 1829 kwa ajili ya Mwanamfalme Friedrich wa Prussia. Stolzenfels nayo ilimalizwa kujengwa upya 1842. Ni majengo mazuri na yana historia yake ya heshima, ila sehemu kubwa unayoiona hapo ni ya karne ya 19. Ajabu ni kwamba ile nyeupe uliyoitilia shaka ndiyo yenye mwili wa karne ya 14.

Mwenzako ana haki katika jambo moja, na umwambie hivyo. Rangi unayoiona leo si rangi ya mwaka 1327. Nyeupe yenye mapambo mekundu inafuata sura ya zama za baroko, na iliyopakwa juu ya kuta ni kazi ya mafundi wa karne ya 20, baada ya ngome kuwa mali ya jimbo la Rheinland-Pfalz mwaka 1946. Mtu anaweza kuhoji uamuzi huo. Kwa nini kurudisha sura ya baroko na siyo ya 1340? Mimi naukubali, kwa sababu ya kofia: huwezi kuvika ukuta nguo ya karne ya 14 chini ya kofia ya 1714 na buruji ya 1607, ukapata sura ambayo haikuwahi kuwapo siku yoyote. Kuiondoa kofia ili kuurudisha mnara wa kwanza kungekuwa kuharibu kilicho cha kweli ili kujenga cha kubuni. Na kuyaacha mawe wazi kungeyaua polepole. Kwa hiyo njia zilikuwa chache. Kuna gharama yake, nayo ni kwamba lipu huficha viungo. Pale ukuta wa 1340 unapokutana na buruji ya 1607 lazima kuna mshono, mahali ambapo mawe mapya yameegemea ya zamani bila kuingiliana. Mshono kama huo ukiwa wazi, hata mgeni anaweza kuweka kidole juu yake. Ukifunikwa, inabidi kuamini umbo na maandishi.

Tuje kwa kibonge chako. Ndugu yangu, hicho hakitakusaidia, na nitakueleza kwa nini. Kimsingi chokaa inaweza kupimwa umri, kwa sababu ile hewa iliyoinywa wakati wa kukauka hubaki ndani kama alama ya wakati. Lakini kipimo ni kigumu: punje za jiwe ambalo halikuungua vizuri, au mchanga wenye asili ya chokaa, hubeba kaboni ya mamilioni ya miaka na kuvuruga hesabu. Hata maabara nzuri huchagua sampuli kwa uangalifu mkubwa, kutoka ndani ya ukuta, mahali panapojulikana. Kibonge kilichookotwa chini hakijulikani kilidondoka wapi. Kwa kuwa kuta zimepakwa upya katika karne ya 20, kuna uwezekano mkubwa ni kipande cha kazi hiyo. Tena jengo hilo linalindwa kisheria, na haijuzu mgeni kuondoka na hata kipande chake. Siku ya safari, kirudishe umkabidhi mhudumu wa ngome, umwambie ulikiokota wapi. Wao wanapenda kujua lipu inadondoka upande gani, hilo ni taarifa ya maana kwao.

Kinachopima umri wa majengo kama haya vizuri zaidi ni mbao. Kila mwaka mti huongeza pete moja, pana mwaka wa mvua, nyembamba mwaka wa ukame. Mialoni ya eneo moja huwa na mfuatano mmoja wa pete, na wataalamu wameunganisha mfuatano huo kurudi nyuma kwa karne nyingi. Boriti yenye pete ya mwisho chini ya gome inaweza kutaja mwaka ambao mti ulikatwa, wakati mwingine hata kama ulikuwa wakati wa baridi. Waashi na maseremala wa zamani walitumia mbao zikiwa bado mbichi, kwa hiyo mwaka wa kukatwa huwa karibu sana na mwaka wa kujenga. Hadhari yake ni kwamba boriti nzuri haikutupwa. Iling'olewa nyumba moja ikatumika nyumba nyingine, kama boriti za mikoko huko kwenu. Ndiyo maana boriti moja haitoshi, hutazamwa nyingi pamoja.

Ukitaka kuzama zaidi ya hapo, maandishi yangu hayatoshi, nenda uonane na watu. Ngome iko chini ya Generaldirektion Kulturelles Erbe Rheinland-Pfalz, idara ya jimbo inayosimamia majengo ya kale. Waandikie ukiwa na swali mahususi, kwa mfano juu ya rangi au juu ya mshono wa buruji. Huko Braubach, kwenye Philippsburg chini ya Marksburg, kuna Europäisches Burgeninstitut, taasisi yenye maktaba ya ngome. Nusu siku pale itakufaa kuliko jioni kumi za intaneti. Na kama siku moja utapata nyumba ya kale yenye lipu ya chokaa, hapa au Lamu, usimruhusu fundi aipake saruji kabla mtu anayeijua chokaa hajaushika ukuta kwa mkono wake. Saruji ni ngumu na imeziba. Maji yakiingia nyuma yake hayana pa kutokea.

Kuhusu jina: kasri si neno lake. Kasri mtu anakaa kwa raha, na humo hakukaa mtawala. Walikaa askari wachache na msimamizi wao, kwenye vyumba vya baridi vilivyobanana kuzunguka ua mwembamba. Iite ngome, na ukitaka kuwa sahihi kabisa sema ngome ya forodha. Wajerumani wenyewe wana neno moja la aina hiyo, na mgeni yeyote wa pwani aliyewahi kukaa Forodhani jioni atajua papo hapo palikuwa mahali pa nini.

Siku hiyo waanzie ukingoni Kaub, kabla ya kivuko, asubuhi jua likiwa linauangaza upande wa mji. Waonyeshe kwa mpangilio wa miaka: mnara wa ndani kwanza, ukuta, buruji, kofia. Ndipo mvuke, mpandie kwenye lango linaloangalia Kaub, na uwaoneshe geti zito la kushushwa kutoka juu. Waambie wabebe majaketi na wajisaidie mjini kabla ya kupanda mashua, kwa sababu huko ndani mambo yako kama yalivyokuwa. Asubuhi hiyo ulizia kama kivuko kinafanya kazi, kwani maji yakipanda mashua hazivuki, na ngome hubaki peke yake mtoni.